Kutimka, Kuelea, Kutua na Kunata: Udhibiti wa Vumbi katika Chumba cha Giza cha Nyumbani katika Mazingira ya Fuma na Pwani ya Kismayu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kudhibiti vumbi la hewani katika chumba cha giza cha nyumbani, yaani chumba cha kusafishia na kuchapia picha za filamu. Mazingira yanayozingatiwa ni ya kisiwa cha Fuma, visiwa vingine vya Wabajuni na pwani ya Kismayu. Hoja kuu ni kwamba vumbi lililotua haliharibu picha. Linaloharibu ni vumbi linaloelea katika dakika chache ambazo negativu imefunuliwa. Ili kujenga hoja hiyo, makala yanatumia vitenzi vinne vya Kiswahili, yaani kutimka, kuelea, kutua na kunata, kama hatua nne za mwendo wa vumbi, na yanaonyesha kinachoweza kufanywa katika kila hatua kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani. Mwishoni makala yanajadili utata wa kitenzi kusafisha katika kazi ya picha na kupendekeza mgawanyo wa maana utakaomkinga mwanafunzi dhidi ya kuharibu negativu isiyo na nakala.

Maneno muhimu: vumbi, chumba cha giza, negativu, kusafisha, Fuma, Kibajuni

1.0 Utangulizi

Historia ya picha katika pwani ya Waswahili imeandikwa zaidi kwa kutazama kilichomo ndani ya picha: mavazi, mapambo, mandhari yaliyochorwa nyuma ya mpigwa picha, na adabu ya kujionyesha au kujificha. Kazi ya Heike Behrend (2013) kuhusu picha katika pwani ya Afrika Mashariki imepanua uwanja huo. Majina ya studio nayo yanajulikana. Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio ya Omar Said Bakor huko Lamu ni mifano miwili tu. Hata hivyo, mtu akitaka kujua kwa Kiswahili kazi yenyewe ilifanywaje nyuma ya mlango uliofungwa, katika giza, kati ya beseni za dawa na mashine ya kukuzia picha, maandishi ni machache. Elimu hiyo ilipita kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake kwa mdomo na kwa mikono.

Kwa jamii ya Wabajuni pengo hilo lina gharama yake. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, familia nyingi za visiwani na za Kismayu zilivuka kwa majahazi kuingia Kenya. Wengi waliishi kwa miaka kadhaa katika kambi karibu na Mombasa. Baadhi walirejea, wengine walibaki Kenya au kuendelea hadi Ulaya. Aliyekimbia kwa jahazi hakubeba sanduku la picha zilizotiwa fremu. Kilichoweza kusalimika ni bahasha ya negativu iliyotiwa mfukoni, au filamu iliyobaki kwa jamaa aliyekuwa Lamu au Mombasa. Picha za Wabajuni zilizochapishwa vitabuni, kama zile za Vinigi Grottanelli (1955) kuhusu wavuvi wa visiwa hivyo, zinahifadhiwa na maktaba. Negativu ya harusi ya nyumbani haina maktaba ya kuihifadhi. Ikikwaruzwa, hakuna pa kuipata tena.

Mtu anayetaka kuchapa negativu ya namna hiyo nyumbani kwake hukutana na adui mdogo kuliko wote, naye ni vumbi. Makala haya yanaeleza tabia za adui huyo katika mazingira ya Fuma na jirani zake, na namna ya kumdhibiti bila mitambo ya gharama.

2.0 Mazingira ya Fuma na Vyanzo vya Vumbi

Fuma ni kimoja kati ya visiwa vya Wabajuni, pamoja na Koyama, Chovai na Chula, katika mlolongo unaoanzia karibu na Kismayu na kushuka kusini kuelekea Ras Kamboni. Kibajuni kinachozungumzwa huko kimo katika kundi la lahaja za kaskazini za Kiswahili, pamoja na Kiamu, Kisiu na Kipate. Visiwa ni vya miamba ya matumbawe na mchanga. Mvua ni haba: Kismayu hupata chini ya milimita 500 kwa mwaka, na miezi ya Desemba hadi Machi huwa mikavu.

Kutokana na hali hiyo, vumbi la huko lina vyanzo vinne. Cha kwanza ni nchi kavu. Kaskazi huvuma ikiandama pwani iliyokauka, ambayo sehemu yake kubwa ina ukanda wa matuta ya mchanga. Cha pili ni bahari. Kusi huja na nguvu kutoka baharini na kurusha matone madogo ya maji ya chumvi, ambayo yakikauka huacha chembe za chumvi hewani. Cha tatu ni nyumba yenyewe. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa chokaa hutoa unga mweupe kila unapoguswa, na paa la makuti hudondosha vipande vidogo kila upepo unapolitikisa. Cha nne ni mtu: nywele, ngozi, na nyuzi za pamba zinazotoka katika kikoi, kanga na shuka.

Vyanzo hivi havilingani kwa madhara. Mchanga wa matumbawe na chokaa ni aina za kalisi kabonati, madini yasiyo magumu sana, lakini ni magumu kuliko jelatini inayobeba picha juu ya filamu. Mchanga wa kwarzi kutoka bara ni mgumu zaidi. Nyuzi za nguo ni laini na hazikwaruzi, ila huonekana katika picha kama minyoo myeupe. Chumvi ina hatari ya peke yake, nayo itaelezwa katika sehemu ya 6.0.

3.0 Vitenzi Vinne vya Mwendo wa Vumbi

Msemaji wa Kiswahili ana vitenzi vilivyopambanua mwendo wa vumbi kwa usahihi ambao mwalimu wa fizikia angeuridhia. Vumbi hutimka linapoamshwa kutoka lilipokuwa. Huelea likiwa hewani. Hutua hewa inapotulia. Hunata linaposhikamana na kitu. Kila kitenzi kinataja hali yenye kanuni zake, na kila hali ina dawa yake.

Ukubwa wa chembe ndio unaoamua muda wa kuelea. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 50 hadi 100, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Katika hewa tulivu, chembe ya mikroni 100 yenye msongamano kama wa maji huanguka kutoka dari ya mita 2.5 kwa muda wa sekunde 10 hivi. Chembe ya mikroni 10 huchukua takriban dakika 14. Chembe ya mikroni 1 huhitaji saa 20 au karibu na hapo. Chembe za matumbawe ni nzito kuliko maji, kwa hiyo hutua upesi zaidi, kwa zaidi ya mara mbili.

Tarakimu hizo zinapata maana zinapowekwa pamoja na ukuzaji wa picha. Negativu ya filamu ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Ikichapwa kuwa picha ya sentimita 20 kwa 30, kila kitu hukuzwa mara 8 na kidogo. Chembe ya mikroni 1 itakuwa doa lisilofikia hata sehemu moja ya mia ya milimita, na hakuna jicho litakaloliona. Chembe ya mikroni 60 itakuwa doa la nusu milimita, nalo litaonekana na kila mtu. Katika picha ya watu kumi waliosimama safu moja, mboni ya jicho la mmoja wao juu ya negativu inaweza kuwa na upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Chembe moja ya mikroni 60 inatosha kumpofusha bibi harusi.

Hesabu hii inaleta tokeo lenye faraja. Chembe zinazodhuru picha ni zile kubwa kiasi, takriban mikroni 10 na kuendelea, na hizo ndizo zinazotua upesi. Zile zinazoelea mchana kutwa hazionekani katika picha. Kwa hiyo chumba kilichotulizwa kwa nusu saa, bila mtu kutembea wala hewa kuvuma, kimekwisha kujisafisha kwa kiasi kinachohitajika.

4.0 Kulizuia Vumbi Lisitimke

Kosa linalotokea mara nyingi ni kufagia chumba kabla ya kazi. Fagio la chelewa huondoa takataka kubwa, lakini unga mwembamba uliokuwa umelala sakafuni bila kumdhuru yeyote huupandisha hadi kimo cha mashine ya kukuzia. Anayefagia na kuanza kazi papo hapo amehamisha vumbi kutoka mahali salama na kulipeleka mahali pa hatari.

Utaratibu unaofaa ni kupiga deki. Sakafu na meza hupanguswa kwa kitambaa kilicholowana na kukamuliwa, kuanzia juu kwenda chini: rafu kwanza, kisha meza na mashine, na sakafu mwisho. Kazi hii ifanywe jioni ya siku iliyotangulia, au angalau saa moja kabla. Pale ambapo sakafu ni ya udongo au ya chokaa iliyolegea, maji kidogo hunyunyizwa kwa mkono, kama inavyofanywa uani, kiasi cha kuifunga ardhi bila kuifanya tope.

Ukuta wa chokaa uliolegea hupakwa rangi ya mafuta hadi kimo cha kichwa, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo inayoguswa na mabega na viwiko gizani. Chini ya paa la makuti hutandikwa turubai juu ya meza ya kazi, likiinamishwa upande mmoja ili kinachodondoka kiteleze mbali na mashine. Mkeka na busati havina nafasi katika chumba hiki, kwani kila hatua juu yake hutimua nyuzi na mchanga. Pazia zito la kuzuia mwanga mlangoni nalo ni ghala la vumbi. Lioshwe mara kwa mara, na lifunguliwe polepole.

Desturi ya kuvua viatu mlangoni inamsaidia fundi wa picha kuliko kifaa chochote cha dukani. Inaweza kuongezwa desturi ya pili: kunawa hadi viwikoni, kupangusa miguu, na kukung'uta nguo nje kabla ya kuingia. Nguo iwe ya kitambaa laini kisichotoa nyuzi, na kichwa kifunikwe.

Dawa zenyewe ni chanzo kinachosahaulika. Sodiamu thiosalfeti, ambayo ndiyo msingi wa dawa ya kukaza picha, huuzwa ikiwa chengachenga au unga. Ikichanganywa ndani ya chumba cha giza, unga wake hurushwa hewani, na ukitua juu ya karatasi au filamu huacha madoa yasiyoelezeka. Dawa ya unga ichanganywe nje ya chumba. Matone yaliyomwagika yafutwe yakiwa bado majimaji, kwa maana tone lililokauka hugeuka vumbi la siku inayofuata. Kwa sababu hiyohiyo chumba hugawanywa pande mbili: upande mkavu wa mashine na karatasi, na upande wa maji wa beseni za dawa.

5.0 Kulisubiri Vumbi Litue

Baada ya kupiga deki, kazi inayofuata ni kusubiri. Mlango hufungwa, pangaboi huzimwa, na chumba huachwa kwa nusu saa. Wakati ufaao ni usiku baada ya sala ya isha. Pepo za mchana huwa zimepungua, nyayo za nyumbani zimetulia, na giza la nje linasaidia kuziba kila ufa ambao mwanga ungepenya.

Hapa panatokea mgongano wa kweli. Dawa ya kusimamisha ina asidi ya asetiki, na dawa ya kukaza hutoa gesi ya salfa dioksidi. Zote huwasha macho na koo, na chumba kidogo kisichopitisha hewa humdhuru fundi, hasa mwenye pumu. Kanuni inayotajwa sana katika miongozo ya kazi hii ni kubadilisha hewa ya chumba angalau mara 10 kwa saa. Lakini hewa inayobadilishwa mara 10 kwa saa haiwezi kutulia, na vumbi haliwezi kutua.

Mgongano huo una suluhisho mbili. Ya kwanza inahusu mwelekeo wa hewa. Feni ndogo inayovuta hewa kutoka chumbani kwenda nje hufanya chumba kinyonye hewa kupitia kila ufa wa mlango, dirisha na paa, na kila ufa una vumbi lake. Feni hiyohiyo ikigeuzwa ili iingize hewa kupitia kitambaa kizito au kichujio, chumba hujaa hewa iliyochujwa, na nyufa hutoa hewa nje badala ya kuingiza. Hewa iingie upande mkavu, juu, na itoke upande wa maji, chini, karibu na beseni. Kwa njia hiyo harufu ya dawa haimpitii fundi usoni.

Suluhisho la pili linahusu wakati, nalo halihitaji umeme. Negativu huwa hatarini katika dakika mbili au tatu tu, yaani tangu inapotolewa katika bahasha hadi inapofungiwa ndani ya kishikio cha mashine. Hatua hiyo ifanywe hewa ikiwa imetulia, beseni za dawa zikiwa bado zimefunikwa. Negativu ikishafungiwa, beseni hufunuliwa na njia za hewa hufunguliwa. Fundi anayetenganisha vipindi hivi viwili hapati harufu wakati wa utulivu wala vumbi wakati wa upepo.

6.0 Kulizuia Vumbi Lisinate

Vumbi linaloelea hudhuru linapopata pa kunata. Katika chumba cha giza kuna vinatisho vitatu: maji, umemetuli na chumvi.

Maji ndiyo yenye madhara ya kudumu. Filamu iliyotoka kuoshwa ina jelatini iliyovimba na kulainika, na chembe inayotua juu yake wakati huo huzama na kukauka humohumo. Hakuna brashi itakayoitoa. Kwa hiyo mahali pa kukaushia filamu pana umuhimu kuliko mahali pa kuchapia. Filamu ining'inizwe katika kabati refu lililofungwa, au katika bafu ambalo kuta zake zimelowanishwa muda mfupi kabla, na isiguswe mpaka ikauke kabisa. Feni haifai, kwani huirushia filamu kila kilichomo chumbani. Suuza ya mwisho ifanywe kwa maji ya mvua yaliyochujwa, pamoja na matone machache ya dawa ya kuondoa matone. Maji ya visima vya miamba ya matumbawe yana chokaa, na pengine chumvi, na yakikauka huacha vidoa vinavyofanana na vumbi ilhali si vumbi.

Umemetuli huzalishwa filamu inapochomolewa kwa haraka kutoka katika mfuko wa plastiki, au inaposuguliwa kwa kitambaa kikavu. Filamu yenye chaji huvuta chembe kutoka pembeni, hata zile ambazo zingepita bila kutua. Pwani ina bahati katika jambo hili, kwa kuwa hewa yenye unyevu huiondoa chaji upesi. Tatizo huwa kubwa zaidi bara, na katika vyumba vinavyopashwa joto wakati wa baridi huko Ulaya, ambako baadhi ya Wabajuni wanaishi sasa. Tiba ni kuitoa filamu polepole, kutoisugua, na kuongeza unyevu kwa kuning'iniza taulo lililolowana chumbani.

Chumvi ni tatizo la kisiwani hasa. Chumvi ya kawaida hubaki kavu hewa inapokuwa na unyevu mdogo, lakini unyevu ukipita takriban asilimia 75, chembe zake hunyonya maji kutoka hewani hadi zikayeyuka. Usiku wa pwani unyevu huo hupitwa kwa urahisi. Chembe ya chumvi iliyotua mchana juu ya negativu ikiwa kavu huwa tone dogo usiku, na asubuhi hewa ikikauka huwa fuwele iliyoshikamana na filamu. Mpira wa kupulizia hauwezi kuing'oa. Kinga ni kutoacha negativu wazi hata kwa usiku mmoja, na kuihifadhi katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya kopo linalofungwa vizuri.

Vumbi likishatua, mpangilio wa hatua ni huu. Kwanza, negativu hushikwa kwa kingo zake na kuinamishwa karibu na taa, ili mwanga wa ubavuni uonyeshe kila chembe. Pili, hupulizwa kwa mpira wa mkono. Isipulizwe kwa mdomo, kwa sababu pumzi hurusha mate. Tatu, kilichobaki hupitishiwa brashi ya manyoya laini bila kukandamizwa. Nne, kilichonata kabisa huondolewa kwa kuiosha negativu upya katika maji safi yaliyopoa. Joto la maji ni jambo la kuangaliwa pwani, kwa sababu jelatini hulainika kupita kiasi katika maji ya vuguvugu. Mtungi wa udongo, ambao hupoza maji kwa kuyavukiza taratibu, unafaa sana kwa kazi hii. Onyo moja halina msamaha: negativu ya zamani iliyoota ukungu isioshwe kwa maji. Ukungu huivunja jelatini, na picha yenyewe inaweza kuyeyuka na kwenda na maji.

Kupangusa negativu kwa kitambaa kikavu hakumo katika orodha hiyo, na kuna sababu. Chembe ya mchanga iliyo chini ya kitambaa huwa kisu. Vumbi huondoka, mkwaruzo hauondoki.

7.0 Kuzisoma Alama katika Picha

Fundi anayejua kuzisoma alama hahangaiki kutafuta vumbi mahali lisipokuwepo. Vumbi juu ya negativu huzuia mwanga usiifikie karatasi, na kwa hiyo huacha doa jeupe. Doa jeupe linalohama kati ya picha moja na inayofuata linatokana na chembe iliyolegea, na lisilohama linatokana na chembe iliyonata au iliyozama katika jelatini.

Doa jeusi lina historia tofauti. Lilitokea kabla ya chumba cha kuchapia: chembe ilikuwa ndani ya kamera, ikaizuia filamu isipate mwanga, au povu la hewa liliishikilia filamu ndani ya dawa. Kuipangusa negativu kwa ajili ya doa jeusi ni kuitesa bure, maana hakuna kilicho juu yake. Vivyo hivyo kwa mistari. Mstari mweusi huonyesha kwamba tabaka la picha limekwaruzwa na fedha yake kuondoka. Mstari mweupe mara nyingi huonyesha mkwaruzo katika upande wa pili, wa plastiki, unaotawanya mwanga.

Mashine nayo ina sehemu yake. Kishikio cha vioo viwili huinyoosha negativu vizuri, lakini huleta nyuso nne za kioo juu ya zile mbili za filamu, na hivyo nyuso sita za kupangusa. Kishikio kisicho na vioo hubakiza mbili. Mashine yenye lenzi za kukusanya mwanga huonyesha kila chembe kwa ukali, ilhali ile inayotawanya mwanga huificha kwa kiasi. Palipo na negativu iliyokwaruzwa, mashine ya aina ya pili ina huruma zaidi.

Wapo wanaodhani kwamba skana ya kompyuta imeliondoa tatizo hili. Ni kweli kwa sehemu tu. Skana zinazogundua vumbi kwa mwanga wa infraredi hufanya hivyo kwa sababu rangi za filamu ya rangi huupitisha mwanga huo na vumbi hulizuia. Fedha iliyomo katika filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe huuzuia pia, kwa hiyo mashine haiwezi kutofautisha vumbi na picha. Negativu nyingi za zamani za pwani ni za nyeusi na nyeupe. Anayeziingiza katika kompyuta anahitaji chumba kilichotulia sawasawa na yule anayezichapa kwa dawa.

8.0 Utata wa Kitenzi Kusafisha

Katika Kiswahili cha studio, kuitia filamu katika dawa hadi picha itokeze huitwa kusafisha. Mteja alipeleka mkanda "kusafishwa", naye fundi "alisafisha picha". Neno hilo limeenea na limezoeleka, na hakuna haja ya kulibadilisha. Hata hivyo, linapotumika katika mafunzo ya kudhibiti vumbi huleta utata wenye madhara. Mwanafunzi anayeambiwa "safisha negativu hii" anaweza kuelewa mambo matatu: aitie katika dawa, aioshe kwa maji, au aipanguse kwa kitambaa. La kwanza litakuwa limekwisha kufanywa. La pili linafaa mara chache. La tatu ndilo linalomjia akilini kwanza, kwa kuwa ndivyo dirisha na meza zinavyosafishwa, na ndilo linalokwaruza.

Inapendekezwa kwamba katika maandishi ya mafunzo kitenzi kusafisha kibaki kwa kazi ya dawa pekee. Kwa kazi ya vumbi vitumike vitenzi vinavyotaja tendo lenyewe: kupuliza, kupitisha brashi, kuosha, na kupangusa, hiki cha mwisho kikitengwa kwa vioo, meza na sakafu. Kwa upande wa vumbi lenyewe, vitenzi kutimka, kuelea, kutua na kunata vinatosha kueleza fizikia yote inayohitajika bila kukopa istilahi hata moja. Ingefaa pia watafiti wa lahaja za kaskazini wakusanye maneno ya Kibajuni yanayohusu pepo, unyevu, chumvi na vumbi kutoka kwa manahodha na wavuvi wazee, kabla hawajaondoka. Watu walioishi kwa kusoma kaskazi, kusi, matlai na umande wana ujuzi wa hewa ambao fundi wa picha angeutumia usiku uleule.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba udhibiti wa vumbi katika chumba cha giza cha nyumbani unategemea zaidi utulivu kuliko wingi wa vifaa. Vumbi lisitimuliwe kabla ya kazi. Lipewe nusu saa litue. Negativu ifunuliwe kwa dakika chache tu hewa ikiwa imetulia. Na kilichonata kiondolewe kwa hatua zinazoanza na pumzi ya mpira na kuishia na maji yaliyopoa. Mahitaji yake ni kitambaa kilicholowana, turubai, mtungi, kabati lililofungwa na subira, na vyote hivyo vinaweza kupatikana Fuma, Kismayu, Lamu au popote Mbajuni alipo.

Subira hiyo ina thamani kubwa zaidi pale negativu inapokuwa ndiyo nakala pekee. Familia iliyopoteza nyumba, kisima na chombo chake cha uvuvi inaweza bado kuwa na vipande sita vya filamu ndani ya kopo la maziwa. Anayekabidhiwa vipande hivyo avichape, kwanza aketi chumbani kwa nusu saa mikono yake ikiwa magotini, ndipo afungue kopo.